Ghala la Nyumbani na Akili ya Mwanafunzi

Mhadhara kwa walimu, wazazi na watumishi wa Kata ya Kasansa, Mpimbwe



Lengo la mhadhara huu ni kueleza kwa nini afya ya akili ya vijana wa Bonde la Rukwa haitenganishwi na msimu wa kilimo, umbali wa shule na mtu mzima aliye karibu nao. Kisha kuonyesha yanayowezekana katika kata isiyo na daktari wa magonjwa ya akili, ambako kwenda mji wa Mpanda kutafuta huduma ni kuikata Hifadhi ya Katavi hadi Sitalike. Hoja ni sita. Hazina urefu sawa, kwa kuwa uzito wake si sawa.

1. Maneno yenyewe

Katika Kiswahili cha mtaani, "akili" ikiandamana na "ugonjwa", watu husikia jambo moja tu: kichaa. Hospitali ya Mirembe ya Dodoma, iliyoanza kazi mwaka 1927, imegeuzwa tusi. Kijana akifanya jambo lisiloeleweka huambiwa anafaa kupelekwa Mirembe. Tusi hilo lina gharama. Mwanafunzi ambaye hajalala vizuri kwa wiki tatu hatamwambia mtu, kwa sababu hajawahi kuonyeshwa kwamba kati ya uzima na Mirembe kuna eneo pana, na kwamba watu wengi hupita humo na kurudi.

Katika eneo hilo kuna huzuni ya kawaida, inayokuja na msiba na kuondoka na siku. Kuna msongo wa mawazo, yaani mzigo kuuzidi mgongo kwa muda. Kuna wasiwasi usiokwisha hata sababu yake ikiondoka, na kiwewe kinachobaki baada ya kupigwa, kubakwa au kushuhudia kifo. Kuna pia sonona, hali ya moyo kuwa mzito karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi: hamu ya vitu vilivyopendwa inakufa, usingizi unavurugika, chakula hakina ladha na mtu anajiona hana thamani. Mwenye sonona darasani mara nyingi hulia kidogo na hukasirika sana. Walimu humwita mkorofi au mvivu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na kwamba karibu nusu ya matatizo yanayowapata watu wazima huanza kabla ya miaka 14. Umri huo ni wa darasa la saba na kidato cha kwanza. Kumsubiri kijana akue ndipo aangaliwe ni kuanza kazi ikiwa imeshachelewa nusu.

2. Mwili husema pale ulimi unaponyamaza

Tanzania ina kisa kinachosomwa hadi leo katika vyuo vya mbali. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, upande wa Bukoba, walianza kucheka na kushindwa kujizuia. Kicheko kilichanganyika na kilio, hofu na kukimbia ovyo. Kilienea hadi wanafunzi 95 kati ya 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudi makwao hali ilijitokeza katika vijiji. Nshamba peke yake ilipata watu 217. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip walipima damu, wakachunguza chakula, wakatafuta sumu na vijidudu. Hawakukuta kitu. Taarifa yao ilitoka mwaka 1963.

Jambo moja katika taarifa hiyo halipaswi kupita bila kutazamwa: walimu hawakupatwa. Waliopatwa shuleni ni wale wasio na sauti, wanaoamriwa kulala, kuamka, kula na kunyamaza. Katika shule nyingi za nchi hii wasichana wameendelea kuanguka na kupiga kelele kwa makundi, na kila mara mabishano ni yale yale, kama ni mashetani au ni uongo. Yote mawili yanakosea. Msichana anayeanguka hadanganyi; mwili wake unasema jambo ambalo ulimi haujapewa nafasi ya kulisema. Sala ya mchungaji au dua ya shehe inaweza kumtuliza, na hakuna ubaya, ilimradi baada ya dua mtu akae naye na kumuuliza ana nini.

Dalili za kila siku ni ndogo kuliko kicheko cha Kashasha. Mwanafunzi husema kichwa kinauma, moyo unaenda mbio, mwili hauna nguvu. Anapewa dawa ya maumivu na kurudishwa darasani. Wiki inayofuata anarudi na kichwa kile kile. Ziara ya tatu ya namna hiyo, ikiwa malaria imepimwa na haipo, inafaa kusomwa kama barua.

3. Ghala

Hii ndiyo hoja kuu, na imezaliwa katika bonde hili hili. Watafiti Craig Hadley na Crystal Patil, wataalamu wa anthropolojia kutoka Marekani, waliwahoji walezi wanawake katika jamii nne za vijijini Tanzania, wakiwemo Wapimbwe na Wasukuma wa Bonde la Rukwa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2006: kadiri kaya ilivyokosa uhakika wa chakula, ndivyo mama alivyokuwa na dalili nyingi zaidi za wasiwasi na sonona. Mwaka 2008 walichapisha kazi ya pili, wakiwa wamewafuata wanawake wa Kipimbwe na Kisukuma kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Chakula kilipopungua, dalili zilipanda. Kilipopatikana, zilishuka.

Msikilizaji anaweza kusema kwamba hilo halihitaji profesa. Kila mtu anajua njaa inauma. Lakini kuna tofauti kati ya kujua na kupanga. Utafiti huo haukusema tu kwamba maskini wana huzuni. Ulionyesha kwamba kwa mama yule yule, katika nyumba ile ile, hali ya moyo hufuata ghala. Kwa maneno mengine, sehemu ya mateso ya akili katika Mpimbwe ina kalenda, na jambo lenye kalenda linaweza kusubiriwa mlangoni kabla halijabisha hodi.

Waliohojiwa walikuwa walezi, si wanafunzi. Hata hivyo mtoto hula kwenye sufuria ya mama yule yule, na hasira ya nyumba yenye njaa humwangukia yeye. Iangaliwe sasa kalenda ya shule ikiwekwa juu ya kalenda ya shamba. Mvua za bonde hili ni za msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Januari mahindi ya mwaka uliopita yanaishia chini ya kihenge. Februari na Machi wengi hununua kwa debe, bei ikiwa juu. Wazazi wako mashambani tangu alfajiri, na wengine huhamia huko kwa wiki nyingi. Mwezi huo huo wa Januari shule zinafunguliwa. Matokeo ya kidato cha nne yanatoka. Sare, madaftari na godoro vinatakiwa. Mtoto aliyemaliza darasa la saba anaanza kidato cha kwanza, na masomo yanabadilika kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Kwa mtoto wa Kisukuma aliyekutana na Kiswahili shuleni, hiyo ni lugha ya tatu. Aliyekuwa wa kwanza darasani mwezi Septemba anakaa kimya mwezi Februari kwa sababu haelewi swali, na anaanza kuamini kwamba akili yake imeisha.

Mtu aliyetaka kuwavunja moyo vijana wa Mpimbwe kwa makusudi asingechagua mwezi mzuri kuliko Januari.

Elimu bila ada, iliyoanza kutekelezwa Januari 2016, imeondoa ada, na hilo ni jambo kubwa. Chakula cha mchana cha shule za kutwa kimebaki mikononi mwa wazazi. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kudai mchango huo Januari, tena kwa fedha, wakati ambapo hakuna fedha wala mahindi. Mchango wa debe unaokusanywa Juni na Julai, mpunga na mahindi yakiwa bado uwanjani, ukahifadhiwa shuleni kwenye stoo kavu iliyotiwa dawa ya wadudu, hugeuka makande ya Februari. Wapo watakaouliza makande yanahusiana nini na afya ya akili. Katika bonde hili, kwa ushahidi uliotajwa, yanahusiana kuliko vipeperushi.

4. Umbali, gheto na mimba

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 katika Mkoa wa Katavi, ulimo Mpimbwe. Ile ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Hakuna mkoa mwingine uliokua kwa kasi hiyo. Watu wamekuja na ng'ombe, na majembe, na wengine kufuata dhahabu ya Mpanda. Madarasa hayakuweza kukimbia nao. Mtoto wa mhamiaji huja bila bibi, bila shangazi, bila jirani aliyemjua tangu utotoni. Kamba zile zinazomshika kijana anapoteleza zimeachwa alikotoka.

Pale sekondari ilipo mbali, kijana hupanga chumba karibu na shule. Hilo ndilo gheto: mkeka, ndoo, jiko la kuni, gunia dogo la unga kutoka nyumbani. Mtoto wa miaka 14 anajipikia, anajilinda na anajilea. Unga ukiisha siku ya Jumatano, msichana ana njia tatu: kutembea kurudi nyumbani, kulala njaa, au kupokea msaada wa mwanaume mwenye pikipiki ambaye hatoi msaada bure. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015-16 uliiweka Katavi mbele ya mikoa yote: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au ni wajawazito, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Mkoa ulilaumiwa sana kwa takwimu hiyo, na lawama nyingi ziliwaangukia wasichana wenyewe. Gunia la unga halikulaumiwa na mtu.

Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali, kupitia aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata mimba, wanaruhusiwa kurudi shuleni. Mlango ulifunguliwa. Lakini kurudi si kupita mlangoni tu. Msichana anayerudi hukaa na wadogo zake, maziwa yakimvuja saa nne, huku wenzake wakimwita "mama". Asipopata mwalimu mmoja wa kumsimamia, huondoka mara ya pili, na safari hiyo hujihesabu ameshindwa mwenyewe.

Bweni huondoa sehemu ya tatizo, lakini bweni lenye walezi wachache huleta la kwake. Kashasha ilikuwa shule ya bweni.

5. Fimbo

Hapa pana mzaha wa kawaida kwamba kila aliyefaulu alichapwa. Waliochapwa wakaacha shule hawaalikwi kwenye mihadhara.

Kanuni za viboko chini ya Sheria ya Elimu, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinasema adhabu hiyo ni kwa makosa makubwa, isizidi viboko vinne, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa, na iandikwe kwenye kitabu. Mwalimu anayelichapa darasa zima kwa kushindwa hesabu amevunja kanuni hizo, hata kama hakuna wa kumshitaki. Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu watoto watatu kati ya wanne walipata ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18. Kwa mtoto anayetoka kwenye nyumba ya ngumi, fimbo ya shule haimfundishi nidhamu. Inamthibitishia kwamba hakuna mahali salama. Kuhusu hoja hii maneno hayo yanatosha.

6. Ustahimilivu si uvumilivu

Kiswahili kinaweka mtego hapa. "Vumilia, mwanangu" ni neno la upole, lakini limefunika majeraha mengi: vumilia mume, vumilia mjomba, vumilia mwalimu. Uvumilivu wa namna hiyo ni kunyamaza. Ustahimilivu ni jambo jingine, ni uwezo wa kuinama kwa dhoruba na kusimama tena, na tafiti zinaonyesha kwamba uwezo huo hautoki kifuani mwa mtu peke yake.

Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuata watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi utu uzima. Takriban theluthi moja ya waliozaliwa katika ufukara, ugomvi wa nyumbani au ulevi wa wazazi walikua kuwa watu wazima imara. Walikuwa na mambo kadhaa yaliyofanana, na moja lilijirudia: kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemjali bila kubadilika. Haikuwa lazima awe mzazi. Aliweza kuwa bibi, mwalimu, jirani. Kwa Mswahili, ambaye ana mama mkubwa, mama mdogo, shangazi, mjomba na babu wa kupanga, habari hiyo si ngeni. Kilicho kigeni ni kuiandika kwenye orodha na kuulizana kila mtoto wa kidato cha kwanza ana nani.

Mifano miwili ya Afrika inaonyesha kwamba kazi hii haihitaji daktari kila hatua. Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi kusikiliza watu wenye mawazo mengi, wakiwa wameketi kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Bibi hatoi hukumu. Humsaidia mtu kuchagua tatizo moja kati ya mengi, kutafuta hatua moja ya kulipunguza, na kurudi kueleza imekwendaje. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye washiriki 573, lilionyesha waliokaa na akina bibi wakiwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limefika hadi Zanzibar.

Kenya, Tom Osborn na wenzake walianzisha Shamiri, jina la Kiswahili lenye maana ya kustawi. Vijana waliomaliza sekondari karibuni walikutana na vikundi vya wanafunzi mara nne tu, kuzungumzia kwamba mtu anaweza kubadilika, kushukuru, na kujua anachothamini. Neno "ugonjwa" halikuwekwa mbele. Jaribio la wanafunzi 413, lililochapishwa mwaka 2021, lililinganisha vikundi hivyo na vya kufundishana mbinu za kujisomea. Wote walipata nafuu, waliokuwa Shamiri zaidi. Matokeo ya upande wa pili yasidharauliwe: hata kukutana na kijana mkubwa akufundishe kusoma kuna nafuu yake.

Kasansa ina akina bibi. Ina vijana waliomaliza kidato cha nne wanaokaa vijiweni. Ina miembe, na benchi ni ubao na misumari. Kinachokosekana ni mafunzo ya siku chache, mwalimu wa malezi asiyepewa vipindi 30 kwa wiki, na makubaliano kwamba linalosemwa chini ya mwembe halifiki kwenye foleni ya mashine ya kusaga.

Kuna jambo moja ambalo benchi haliwezi kulibeba peke yake. Mwanafunzi anayesema amechoka kuishi, anayegawa vitu vyake au kuaga bila safari, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizi wazo, humpunguzia upweke. Asiachwe peke yake, na siku hiyo hiyo apelekwe kwa mhudumu wa afya. Sheria ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu hiyo hufanya familia zifiche mgonjwa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Wakati sheria zikijadiliwa, kaya zinaweza kufunga viuatilifu vya shambani kwenye sanduku lenye kufuli. Sri Lanka ilipopiga marufuku vile vikali zaidi kuanzia miaka ya 1990, vifo vya kujiua vilishuka kwa zaidi ya nusu. Dakika ngumu hupita, na aliyekosa sumu dakika ile mara nyingi huishi. Mtoto, au mtu mzima mwenye hofu juu ya mtoto, anaweza kupiga namba 116 bila malipo.

Ndugu Mwenyekiti, yaliyo mbele yanaweza kupangwa kwa kalenda ile ile iliyolaumiwa. Juni na Julai, madebe yakusanywe. Septemba, darasa la saba wakimaliza mtihani, wasiachwe miezi mitatu kuchunga na kusahau; vijana wa kidato cha nne wa miaka iliyopita waanze nao Kiingereza cha darasani, jioni mbili kwa wiki. Oktoba, akina bibi watano na walimu wawili wapate mafunzo kutoka kwa watumishi wa afya ya akili wa mkoa. Desemba, Mtendaji na wakuu wa shule waandike orodha ya magheto yote: nani anaishi wapi, na mtu mzima gani wa karibu atapita kila Jumatano kuangalia unga.

Januari, mwalimu wa malezi wa kila shule afungue daftari la kaunta lenye safu nne: tarehe, darasa, kilichouma, na kama mwanafunzi alikula siku hiyo. Majina yasiandikwe. Daftari lije hapa Julai, vihenge vikiwa vimejaa, lisomwe mbele ya mkutano huu mwezi kwa mwezi.